Kutoka Brno Hadi Kericho: Nadharia ya Maumbo ya Maneno Ilivyopimwa na Kikipsigis

Sajili ya shule yoyote ya msingi ya Kericho au Bomet inatosha kumfundisha msomaji makini sura ya kwanza ya mofolojia. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati ng'ombe wanarudi zizini huitwa Kiprotich, wa kike Cherotich. Wa jioni ni Kiplangat na Chelangat, wa mchana Kibet na Chebet, wa asubuhi Kimutai na Chemutai, wa usiku Kipkemoi na Chepkemoi. Wakenya wameyazoea majina haya kwenye matangazo ya mbio, na wengi wanajua kwamba kip- ni ya wavulana na chep- ni ya wasichana. Wachache huuliza ile p inakwenda wapi. Mbele ya m na b inatoweka kwa wote wawili: Kimutai na Chemutai, Kibet na Chebet. Mbele ya k na ng' inabaki kwa wote: Kipkoech na Chepkoech, Kipngetich na Chepngetich. Lakini mbele ya r na l, kaka huibakiza na dada huipoteza, ndiyo maana Kiprono ana dada aitwaye Cherono. Anayedhani kwamba majina haya hukaririwa tu, moja baada ya jingine, na atazame mji wa Kabarnet kule Baringo. Kap- ni kiambishi cha mahali, kilekile cha Kapkatet na Kapsoit, na kwa maelezo yanayokubalika sana kilichofuata ni jina la mmisionari Barnett. Hakuna babu aliyerithisha jina la Mzungu huyo, na hata hivyo p iliondoka mbele ya b vilevile inavyoondoka katika Kibet. Jambo hilo halikuhitaji kikao cha wazee. Kanuni ilikuwa imeshakaa vichwani mwa wasemaji, ikafanya kazi yake.

Kanuni ya namna hiyo ndiyo kiini cha kinachoitwa sarufi zalishi, mtazamo unaoiona lugha kuwa mtambo mdogo wa akilini unaozalisha maneno na sentensi zisizo na idadi kutokana na vipande vichache. Katika upande wa maumbo ya maneno, mtazamo huo ulilelewa kwa kiasi kikubwa na lugha za Kislavoni: Kirusi, na Kicheki, ambacho nomino yake moja huvaa viishio vingi kulingana na kazi yake katika sentensi. Hoja ya makala haya ni kwamba nadharia hiyo haikuja Kericho, kwenye nchi ya chai, kama mgeni aliyekuja kutoa tu. Ilipofika kwenye Kikipsigis, lugha ya Kericho na Bomet, na ndugu zake wa Kikalenjin ilikuta lugha ambayo alama za sarufi mara nyingi si vipande vinavyoweza kukatwa, na ambayo wingi ndio unaoweza kuwa mwanzo na umoja ukaja baadaye. Ikalazimika kurekebishwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na majedwali. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake juu ya Wanandi huko Oxford mwaka 1909, na kwa kuwa Kinandi na Kikipsigis ni lahaja zinazosikilizana, kitabu hicho kilikuwa pia mlango wa kwanza wa kitaalamu wa kuingilia lugha ya Kericho. Kazi ya Hollis ni ya kuheshimiwa. Aliona kwamba karibu kila nomino ina umbo fupi na umbo refu lenye kiishio, na akayaorodhesha yote kwa umoja na kwa wingi. Lakini alipanga alivyofundishwa kupanga Kilatini: safu, safu, safu, kila neno na maumbo yake. Jedwali humwambia msomaji kilichopo, halimwambii kwa nini kipo. Wingi wa nyuki, wa mtu na wa nyumba hukaa kwenye kurasa hizo kana kwamba kila mmoja ni ajali yake.

Mahali ambapo maelezo yanakosekana, watu huyatafuta penye uovu. Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya lugha alizoziita za Kihamiti, aliichukulia jinsia ya kisarufi na utajiri wa viambishi kuwa dalili ya asili ya watu walioingia Afrika kutoka nje. Nyuma yake ilikuwapo imani ya karne ya 19 kwamba lugha zinazobadilisha maneno yake kwa ndani ni za akili za juu kuliko nyingine. Kikalenjin na Kimaasai vikatiwa kwenye kapu la Kinailo-Hamiti, na jina hilo likaendelea kutumika vitabuni hadi katikati ya karne ya 20. Joseph Greenberg, katika uainishaji aliouanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuuchapisha kwa ukamilifu mwaka 1963, aliuvunja msingi huo na kuziweka lugha hizi miongoni mwa za Kinailoti bila mchanganyiko wa kubuni. Sehemu hii haipaswi kurukwa, kwa sababu inaonyesha gharama ya kutojua neno linajengwaje. Kiambishi kisichoeleweka kiligeuzwa kuwa ushahidi wa damu.

Wakati huohuo, Ulaya ya Kati ilikuwa inapika kitu kingine. Duara la Wanaisimu la Praha lilianzishwa mwaka 1926, na mmoja wa nguzo zake alikuwa Roman Jakobson, Mrusi aliyehamia Chekoslovakia mwaka 1920 na kufundisha Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno katika miaka ya 1930. Kilichomkera ni majedwali yaleyale. Nomino ya Kicheki ina nafasi 14, yaani uhusika saba (kazi za nomino katika sentensi) mara umoja na wingi. Chukua neno žena, mwanamke: nafasi ni 14 lakini maumbo ni 10 tu. Ženě hutumika katika nafasi mbili za umoja, ženy hujitokeza katika umoja na katika wingi. Katika wingi kuna žen, umbo lisilo na kiishio chochote, ambalo lina kazi yake kamili. Katika makala yake ya mwaka 1936 juu ya uhusika, Jakobson alipendekeza kwamba kila uhusika ni fungu la sifa ndogondogo. Nafasi mbili zikifanana umbo, ni kwa sababu zinashiriki sifa. Miaka mitatu baadaye aliandika juu ya alama sifuri, yaani ukimya unaobeba maana. Haya mawili, sifa zilizo chini ya umbo na alama isiyosikika, yatarudi Kericho.

Mwaka 1939 Praha ilitoa kitu kingine kinachostahili kutajwa. Jarida la Duara lilichapisha makala ya Leonard Bloomfield kuhusu Kimenomini, lugha ya Wenyeji wa Amerika. Bloomfield aliliwekea kila neno umbo moja la msingi, kisha akapanga kanuni zinazolipitisha hatua kwa hatua hadi kufikia linavyosikika. Ni vyema kukumbuka kwamba mojawapo ya mifano ya mwanzo kabisa ya mbinu hii haikutoka kwenye lugha ya himaya. Mwaka huohuo Jakobson aliwakimbia Wanazi, akapitia Skandinavia, akafika New York mwaka 1941. Mwaka 1948 alitoa uchambuzi wake wa vitenzi vya Kirusi, akionyesha kwamba ukilipa kila kitenzi shina moja badala ya mawili, vurugu yote ya maumbo hutabirika. Mwanafunzi wake Morris Halle aliibeba fikra hiyo hadi chuo cha MIT, Massachusetts. Noam Chomsky, mwasisi wa sarufi zalishi, alikuwa ametoa kitabu chake kidogo cha sintaksia mwaka 1957, na mwaka 1968 yeye na Halle walichapisha kitabu kikubwa cha fonolojia ya Kiingereza, wakakitabaruku kwa Jakobson.

Kikalenjin kiliingia kwenye mjadala huo kwa mlango wa irabu. Mwaka 1974 kundi la waandishi sita, miongoni mwao Godfrey Cherono, lilichapisha uchunguzi wa mwafaka wa irabu barani Afrika likitumia Kikalenjin kama mnara wa kutazamia. Maandishi ya kawaida ya Kikipsigis yana herufi tano za irabu, lakini kinywa kina seti mbili. Seti moja hutamkwa mzizi wa ulimi ukiwa umesogezwa mbele, nyingine ukiwa umerudishwa nyuma, na kwa kawaida neno moja huchukua irabu za seti moja tu. Kinachoshangaza ni jinsi seti inavyochaguliwa. Kitenzi cha maana ya kufunga kina irabu ya seti ya nyuma, kwa hiyo neno zima la "nilikifunga" hutamkwa kwa seti hiyo, viambishi awali vikiwemo. Kitenzi cha maana ya kuona, ambacho kwenye karatasi kinaweza kuonekana karibu sawa na hicho, kina irabu ya seti ya mbele, na "nilikiona" hugeuka yote. Sasa ongeza kwenye kile cha kufunga kiishio -e cha tendo linaloendelea, upate "nilikuwa nakifunga". Kiishio hicho ni cha seti ya mbele, na kinaburuta kila kitu kilichokitangulia: mzizi, nafsi, hata alama ya wakati iliyo mwanzoni kabisa mwa neno. Lakini kiambishi cha ukanushi ma- hugoma. Hakibadiliki, na kinazuia wimbi lisipite kwenda kwa viambishi vilivyo upande wake wa pili.

Kwa nadharia iliyozoea Kirusi na Kicheki, hili lilikuwa somo. Katika lugha za Kislavoni sauti ya kiishio huathiri zaidi konsonanti iliyo jirani yake mpakani mwa shina. Hapa kiishio kimoja kilicho mkiani kinaamua sauti ya kichwa. Kanuni inayotazama jirani wa karibu tu haifui dafu. Inabidi sifa ya seti ya mbele iwe kitu kinachojitegemea, kinachoweza kuenea juu ya neno zima na kuzuiwa mahali mahususi. Halle mwenyewe, pamoja na Jean-Roger Vergnaud, alirudi kwenye data hii ya Kikalenjin mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa akijenga maelezo mapya ya mwafaka wa irabu, na tangu wakati huo ma- inayogoma imekuwa mgeni wa kudumu katika vitabu vya kufundishia fonolojia. Inasikitisha kidogo kwamba wanafunzi wa Massachusetts wameichambua zaidi ya wanafunzi wa Litein.

Hata hivyo, historia hii ina mwenyeji wake. Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyezaliwa mwaka 1925, anakumbukwa na wengi kama mwanasiasa: mbunge, waziri wa elimu, na rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1975 aliwasilisha Chuo Kikuu cha Nairobi tasnifu ya uzamili juu ya nomino za Kikalenjin na uainishaji wake, na kwamba mwaka 1979 Kenya Literature Bureau ilimchapishia kitabu kizima cha isimu ya Kikalenjin. Mbele yake walikuwa A. N. Tucker na Margaret Bryan wa London, ambao katikati ya miaka ya 1960 waliainisha nomino za Kinandi na Kikipsigis kwa subira kubwa, wakigawanya viishio katika makundi na makundi madogo. Toweett hakuandika kwa lugha ya Chomsky. Lakini alifanya jambo ambalo mgeni hawezi kulifanya kwa urahisi: aliweza kusema umbo fulani haliwezekani. Orodha ya Hollis ina yale aliyoyasikia, ilhali mzawa anajua pia yale ambayo hayatasikika kamwe, na sarufi zalishi inasimama juu ya tofauti hiyo hasa. Mwaka uleule wa 1979, Janice Jake na David Odden walitoa makala juu ya sintaksia ya Kikipsigis wakitumia nadharia za wakati huo. Hivyo lugha ilikuwa inaandikwa kutoka ndani na kutoka nje kwa pamoja, ingawa pande hizo mbili hazikuzungumza sana.

Suala alilolishika Toweett, la nomino na makundi yake, ndilo lililotoa hoja nzito zaidi. Mzungumzaji wa Kiswahili, sawa na wa Kicheki, huchukulia kwamba umoja ndio mwanzo na wingi hujengwa juu yake. Katika Kikipsigis hilo ni kweli kwa baadhi ya nomino tu. Shule ni sukulit, shule nyingi ni sukulisiek: wingi umeongezewa kipande. Lakini nyuki mmoja ni segemiat na nyuki wengi ni segemik. Ukiondoa kiishio cha umbo refu, shina tupu segem ni la wingi, na anayetaka kumtaja nyuki mmoja ndiye anayeongeza kipande. Vivyo hivyo Wakipsigis ni Kipsigisiek, na Mkipsigis mmoja ni Kipsigisindet, neno refu zaidi kwa ajili ya mtu mmoja. Kuna na kundi la tatu, ambalo umoja una kiishio chake na wingi una chake, pasiwepo lililo tupu. Mpangilio huu wa pande tatu unajulikana katika lugha nyingi za Kinailoti, na Gerrit Dimmendaal aliuelezea kwa mapana mwaka 2000. Kwa Hollis ulikuwa mkanganyiko wa viishio. Kwa Tucker na Bryan ulikuwa uainishaji. Swali lililobaki ni uainishaji wa nini.

Jibu lenye nguvu kuliko yote ninayoyajua lilitolewa na Maria Kouneli, Mgiriki aliyemaliza uzamivu Chuo Kikuu cha New York mwaka 2019 kwa tasnifu juu ya kundi nomino la Kikipsigis. Alitumia Mofolojia Sambazi, nadharia ambayo Halle na Alec Marantz waliitangaza mwaka 1993. Marantz alikuwa akifundisha katika chuo hichohicho, kwa hiyo ukoo wa fikra kutoka Brno hadi Kericho unaweza kufuatwa mtu kwa mtu. Katika nadharia hii neno halitoki ghalani likiwa limekamilika. Sintaksia hupanga sifa kwanza, mzizi hapa, idadi pale, uhusika juu yake, kisha sauti huingizwa mwishoni kuzivisha sifa hizo. Kouneli alihoji, katika makala ya mwaka 2021, kwamba idadi katika Kikipsigis hukaa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni ndani, karibu na mzizi, ambapo nomino huzaliwa ikiwa ya umoja, ya wingi au isiyo na upande. Hapo idadi hufanya kazi ambayo Kicheki huipa jinsia na Kiswahili huipa ngeli: hugawa msamiati katika matabaka. Mahali pa pili ni juu zaidi, ambapo mzungumzaji husema anataja kimoja au vingi. Kipande huongezwa pale mahali hapa pawili panapotofautiana. Hoja hii inafanya nyuki, shule na Wakipsigis wenyewe kuwa matokeo ya mpango mmoja, na inaeleza kwa nini mtoto wa Sotik hujifunza mfumo mzima bila kufundishwa.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, na ni la haki. Vipi kuhusu maneno yasiyofuata kanuni yoyote? Mtu ni chito, watu ni bik. Ng'ombe mmoja ni teta, wengi ni tuga. Hakuna kanuni ya sauti itakayotoa bik kutoka kwa chito. Je, haya si ushahidi kwamba akili hukariri, na kwamba Hollis na jedwali lake alikuwa sahihi? Sina shaka kwamba kuna kukariri. Mofolojia Sambazi inakubali wazi kwamba sauti zinazovisha sifa lazima zikumbukwe. Inachokataa ni kwamba sifa zenyewe hukumbukwa neno kwa neno. Bik huambatana na vivumishi na viwakilishi vya wingi kama wingi mwingine wowote, na sentensi haijui kwamba umbo lake ni la ajabu. Kicheki kina mfano wake: člověk, mtu, wingi wake ni lidé, na hakuna Mcheki aliyewahi kushindwa kuupatanisha na kitenzi. Maneno ya namna hii hukaa zaidi kwenye vitu vinavyotajwa kila siku, watu na ng'ombe, na hilo linatarajiwa: neno linalosikika kila saa linaweza kumudu kukaririwa. Vilevile nakiri kwamba kanuni ya majina niliyoanza nayo si safi. Chelangat amepoteza p, lakini chui anaitwa cheplanget, na p yake ipo palepale mbele ya l. Tena Cheruiyot na Chepkwony ni majina yanayobebwa na wanaume wengi. Kwa hiyo kanuni ya r na l haitazami sauti pekee, inatazama pia kama neno ni jina la mtu au nomino ya kawaida, na kiambishi chep- hakiwezi kuwa alama ya jinsia ya mwili tu. Kanuni inayoona muundo ni ngumu kuliko inayosikia sauti, lakini bado ni kanuni.

Uhusika ndio uliotia nadharia ya Kislavoni kwenye jaribu kali zaidi. Kikipsigis huanza sentensi na kitenzi, na nomino mbili zinazofuata, mtenda na mtendwa, zinaweza kupishana, jambo ambalo Madeline Bossi na Michael Diercks walilichunguza mwaka 2019. Msikilizaji humjuaje aliyemwona mwenzake? Kwa toni. Nomino ileile, silabi zilezile, hubadili mpangilio wa sauti za juu na za chini inapokuwa kiima. Hakuna kiishio cha kukata kama -u ya ženu. Nadharia iliyodhani kwamba mofimu ni kipande kama punje ndani ya ganda ilikuwa imeanza kujikwamua mwaka 1976, John Goldsmith alipoonyesha kwamba toni hukaa kwenye ngazi yake yenyewe, juu ya konsonanti na irabu. Hata hivyo Kikipsigis kilikuwa na zaidi. Kouneli na mwenzake Yining Nie walieleza, katika jarida la Language mwaka 2021, kundi la maneno ambamo kiima hutambulishwa kwa kugeuza toni zote za neno: ya juu inakuwa ya chini, ya chini inakuwa ya juu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Toni moja ikiongezwa, mtu anaweza kuiita kipande. Kugeuza kila toni kinyume chake ni tendo, na kulieleza kama kipande kunahitaji ustadi ambao si wanaisimu wote wanaokubaliana nao.

Jambo la pili katika uhusika ni la kimya zaidi lakini lina uzito. Katika Kirusi na Kicheki tumezoea kwamba uhusika wa kiima ndio wa kamusi, ndio wa msingi, na mingine hujengwa juu yake. Pavel Caha, Mcheki aliyetetea tasnifu yake Tromsø mwaka 2009 na baadaye kufundisha Brno, aliifanya dhana hii kuwa ngazi kamili: uhusika wa yambwa una ule wa kiima ndani yake, unaofuata una yote mawili, na kuendelea. Mpango huo unaeleza vizuri kwa nini maumbo fulani hufanana na mengine kamwe hayafanani. Lakini Mkipsigis akiulizwa neno peke yake, nje ya sentensi, hulitamka kwa toni ya yambwa. Umbo la kiima ndilo lenye alama ya ziada. Christa König, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya uhusika Afrika, alionyesha kwamba hali hii imeenea Afrika Mashariki huku ikiwa nadra kwingineko duniani. Mtetezi wa ngazi anaweza kujibu kwamba alama inayosikika na sifa iliyo chini si kitu kimoja, na kwamba umbo tupu linaweza kubeba sifa nyingi, kama žen ya Jakobson. Ni jibu halali. Ila linaonyesha kwamba mzigo wa kuthibitisha sasa uko upande wa Brno.

Wapo watakaosema toni haina uzito wote huo, kwa kuwa magazeti, Biblia na ujumbe wa simu huandikwa kwa Kikipsigis bila toni hata moja na watu wanaelewana. Kuelewana huko kunatokana na muktadha. Msomaji wa Bomet akikutana na sentensi tata hurudi nyuma akaisoma kwa sauti hadi ikae sawa, na anachofanya ni kuirudishia sarufi ambayo tahajia iliiacha. Kwenye redio, ambako lugha za Kikalenjin zimeshamiri, hakuna anayesoma bila toni.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la kisiasa: kwamba haya yote ni Kilatini kipya, fremu ya kigeni iliyovikwa lugha ya Kiafrika. Historia ya Meinhof inatupa sababu ya kuogopa. Lakini kuna kipimo. Jedwali la Kilatini halikuweza kukosolewa na Kinandi, kwa sababu halikutabiri chochote. Kilichoingia kiliandikwa, kisichoingia kiliitwa kighairi. Sarufi zalishi ilitabiri, ikakosea hadharani mbele ya ma-, mbele ya segem, mbele ya toni zinazogeuka, ikabadilika. Lawama ya kweli iko kwingine. Makala ya wanaisimu hao yamechapishwa katika majarida ambayo mwalimu wa Chepalungu hatayaona, na Chuo Kikuu cha Kabianga, kilicho katikati ya mashamba ya chai, kingekuwa mahali pa kwanza pa kuyajaribu upya kwa masikio ya wenyeji. Toweett alionyesha kwamba inawezekana zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kama kuna anayetaka ushahidi usiotegemea mtaalamu yeyote, autafute kwenye maneno ya kuazima. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920, kampuni kama Brooke Bond zikaleta vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini. Maneno yakavuka. Gari likawa karit, na magari yakawa karisiek, kwa kiishio kilekile cha sukulisiek. Neno la chai lingeweza kuingia kwenye kundi la gari, kwa kuwa katika Kiswahili halina wingi wala umoja unaoonekana. Halikuingia huko. Kikipsigis kinasema chaik, kwa kiishio cha wingi, kama kinavyosema bek kwa maji na sukaruk kwa sukari. Hakuna mwalimu aliyepanga hivyo, wala kampuni. Wasemaji walipokea kitu kipya kinachomiminwa, wakakiweka bila kujadiliana upande wa wingi, yalikokuwa maji tangu zamani.